Clarice aliponyang'anywa uamuzi: jibu kwa msomaji aliyekasirishwa na mwisho wa Hannibal

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi tangu niko sekondari. Nilianza na Bwana Msa na Willy Gamba, baadaye nikahamia za Kiingereza. Mwaka huu nimesoma vitabu vitatu vya Thomas Harris kwa kufuatana: Red Dragon, The Silence of the Lambs na Hannibal. Viwili vya kwanza vilininyima usingizi. Cha tatu nilipofika mwisho nilikitupa kwa hasira. Yaani Clarice, niliyemshangilia kitabu kizima, anaishia kukaa mezani na muuaji wakila ubongo wa mtu, kisha anakuwa mpenzi wake! Rafiki yangu ananicheka, anasema nimekasirika kwa sababu nilitaka mwisho mwema, eti bado sijakomaa kama msomaji. Tatizo ni mimi au ni kitabu? Na kwa nini mwandishi hodari namna ile afanye vile? Halafu kile cha nne, Hannibal Rising, nikisome au nikiache? – Dada msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwanza niwaonye wasomaji wengine: hapa chini nimefichua mwisho wa vitabu vyote, kwa hiyo ambaye hajavisoma na anakusudia kuvisoma aishie hapa.

Nianze na rafiki yako, maana lake linakwisha upesi. Ushahidi wa kumjibu unao mwenyewe kabatini, nao ni Red Dragon. Kumbuka kitabu kile cha 1981 kinavyoisha. Will Graham, mpelelezi aliyemnasa Hannibal Lecter, yule daktari wa akili anayeua na kula watu, kabla hadithi haijaanza na akanusurika kufa mikononi mwake, anashawishiwa na Jack Crawford, mkubwa katika FBI, shirika la upelelezi la Marekani, arudi kazini kumsaka muuaji mwingine, Francis Dolarhyde. Anarudi. Lecter, akiwa kifungoni, anampenyezea Dolarhyde anwani ya nyumba ya Graham kwa ujumbe wa mafumbo. Mwishoni Graham amelala hospitali uso umechanwa kwa kisu, ndoa yake inayumba, na anawaza uwanja wa vita vya zamani wa Shiloh na jinsi ardhi ile isivyojali kilichotendeka juu yake. Hata kumuua Dolarhyde hakumuua yeye, ni mkewe Molly. Steringi gani huyo? Ni mwisho mchungu kweli kweli, na wewe hukukitupa kitabu. Ulikosa usingizi, ukaenda kutafuta kinachofuata.

Kwa hiyo si giza lililokuudhi. Msomaji wa hadithi za namna hii anajua anachonunua. Anachodai ni kwamba litakalomfika mhusika liwe limetoka katika yale aliyoyatenda, au katika kitu alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. Graham aliumia kwa sababu alikuwa na kipaji cha kuwaza kama muuaji, alijua kipaji hicho kinamla, na bado akakubali kukitumia. Alilipa deni lake mwenyewe. Swali la kuuliza kuhusu Hannibal ni kama Clarice Starling naye alilipa deni lake, au alilipishwa la mtu mwingine. Mimi nasema alilipishwa, na kosa lenyewe halianzii kwenye ile karamu ya ubongo. Linaanzia mbali zaidi.

Rudi kwenye mkutano wao wa kwanza, katika The Silence of the Lambs, 1988. Starling bado ni mwanafunzi wa chuo cha FBI kule Quantico, ametumwa na Crawford hospitali ya wendawazimu wahalifu Baltimore akiwa na fomu ya maswali. Anapita korido ndefu, seli ya mwisho ina nondo, na nyuma ya nondo kuna wavu wa nailoni. Lecter amesimama. Hampigi, hamtukani, hanyanyui sauti. Ananusa tu hewa, anamtajia losheni aliyopaka, anamtajia na marashi ambayo huwa anajipulizia lakini siku hiyo hakujipulizia. Kisha anamwangalia mkoba na viatu: mkoba mzuri, viatu vya bei poa. Kwa maneno machache amemvua nguo zote, amemwonyesha kwamba anajua yeye ni binti wa kimaskini anayejitahidi kuficha alikotoka.

Sasa angalia Starling anachofanya, maana hapo ndipo tulipompenda. Hakani, wala halii mbele yake. Anakubali kwamba daktari ana jicho kali, halafu anamuuliza kama ana ubavu wa kujigeuzia jicho hilo yeye mwenyewe. Msichana wa mafunzoni anamrudishia mpira mtu anayeogopwa na hospitali nzima! Kuanzia pale kila wanapokutana ni biashara: nipe nikupe. Yeye anatoa siri ya utotoni, kifo cha baba yake, wale wanakondoo waliokuwa wakilia usiku shambani Montana. Lecter anatoa dokezo kuhusu muuaji anayesakwa na FBI. Kila siri anayoitoa ameamua kuitoa, anajua bei yake na anajua anainunulia nini: uhai wa Catherine Martin, msichana aliyetekwa na muuaji huyo na kutupwa shimoni.

Na mwisho wa kitabu kile ni wake peke yake. Crawford na kikosi kizima wako nyumba nyingine, karibu na Chicago, wamekosea mlango. Starling yuko Belvedere, Ohio, katika chumba cha chini kilichozimwa taa, muuaji akiwa amevaa miwani ya kuonea gizani na akinyoosha mkono kutaka kumgusa nywele. Anachosikia Starling ni mlio mdogo wa bastola kukokiwa. Anageuka, anafyatua kuelekea kwenye sauti. Lecter hayupo, ametoroka zamani, na hakuna mwanaume yeyote wa kumwokoa.

Kitu kingine ambacho vitabu viwili vya kwanza vilikifanya kwa busara ni kumbana Lecter pembeni. Katika Red Dragon anaonekana mara chache sana. Katika cha pili ana nafasi kubwa zaidi, lakini bado si kitabu chake. Hata kwenye filamu ya 1991 iliyotokana na kitabu hicho, iliyozoa tuzo tano kubwa za Oscar pamoja na ya mwigizaji bora kwa Anthony Hopkins aliyeigiza Lecter, yeye Hopkins haonekani hata nusu saa. Lecter alikuwa pilipili ya kitoweo. Mwaka 1999 Harris akatupakulia sahani ya pilipili tupu.

Hapo lazima niwe mkweli, sahani hiyo ina sehemu moja tamu sana. Sehemu ya pili ya Hannibal, ile ya Florence, nadhani ndiyo kazi bora kuliko zote alizoandika Harris. Lecter anaishi Italia kwa jina la Dakta Fell, msomi wa mambo ya kale, anatunza maktaba ya familia ya Capponi. Inspekta Rinaldo Pazzi anamtambua. Pazzi ni mzao wa ukoo ule ule uliokula njama dhidi ya akina Medici, watawala wa Florence, mwaka 1478, na mzee wake Francesco alinyongwa akaning'inizwa kwenye jengo linaloitwa leo Palazzo Vecchio. Harris aliujua mji ule kwa miguu yake. Alihudhuria kesi ya Pietro Pacciani mwaka 1994, ya mauaji ya wapenzi yaliyoitesa Florence kwa miaka mingi, na unaihisi hewa ya mahakama na ya vichochoro katika kila ukurasa. Pazzi angeweza kumkamata Lecter akarudishiwa heshima aliyoipoteza kazini. Anachagua pesa, dola milioni 3 za tajiri Mason Verger, anayemtaka Lecter ili alipize kisasi. Tangu achague, unajua atakufa vipi, maana ukutani kwa jengo lile historia imeshaandika. Anatolewa matumbo na kuning'inizwa pale pale aliponing'inizwa babu yake. Ni unyama, lakini ni unyama uliopangwa kwa mkono wa fundi, na Pazzi aliuchagua kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini hebu jiulize, ulipokuwa unasoma Florence ulikuwa upande wa nani?

Hapo ndipo mtego ulipo. Ulikuwa upande wa Lecter, kama mimi, kama kila mtu. Na Harris alihakikisha hivyo kwa kumzungushia watu wabaya kuliko yeye. Pazzi ni askari aliyeuza kazi yake. Verger ni mbakaji wa watoto, asiye na uso, ambaye huwaliza watoto makusudi ili machozi yao yatiwe katika kinywaji chake. Anafuga nguruwe waliofundishwa kula mtu mzima mzima. Paul Krendler wa Wizara ya Sheria ni mkware aliyemchukia Starling kwa sababu alimkataa. Wanaouawa na Lecter katika kitabu hiki karibu wote wameshahukumiwa na msomaji kabla kisu hakijatoka. Linganisha na Memphis katika kitabu cha pili. Wale askari wawili, Pembry na Boyle, hawakumkosea chochote. Pembry alikuwa anamtendea kiungwana. Akawaua hata hivyo, akauvaa uso wa mmojawao ili atoke nje kwa gari la wagonjwa. Ukisoma pale unakumbuka kwamba yule mzee mwenye adabu, anayejua muziki na mvinyo, si rafiki yako wala hatakuwa.

Katika kitabu cha tatu hofu hiyo imeondolewa. Lecter amegeuzwa mtu wa kula washenzi tu. Muuaji anayekula washenzi tu hatishi tena, anakuwa mlipa kisasi wetu, na mwandishi akishafika hapo hana njia ya kumwadhibu bila kumuudhi msomaji. Akitaka kumpa zawadi, zawadi iliyopo ni moja: Starling. Ndiyo maana nasema usikasirikie karamu pekee. Kufikia karamu, kitabu kilishauzwa.

Sasa Starling mwenyewe. Anavyoanza mwaka 1999 si vibaya. Miaka saba imepita, kazi imemkwama, wakubwa hawampendi. Kwenye operesheni iliyoharibika, soko la samaki mjini Washington, anampiga risasi Evelda Drumgo, mwanamke muuza dawa za kulevya aliyembeba mtoto wake kifuani. Kisha anambeba yule mtoto hadi kwenye meza ya samaki na kumwosha damu ya mama yake kwa maji, kwa sababu mama alikuwa na virusi vya UKIMWI. Magazeti yanamtangaza kuwa mashine ya kuua. Nikiisoma ile picha ya mtoto juu ya meza ya samaki naamini kabisa kwamba mwanamke huyu anaweza kuvunjika, anaweza kuichukia FBI, anaweza hata kufika mahali pa giza ambapo hakupategemea. Mbegu ipo. Harris aliipanda vizuri.

Halafu anaiacha bila kuimwagilia. Starling anakwenda peke yake shambani kwa Verger kumwokoa Lecter asiliwe na nguruwe. Hicho ndicho kitendo chake cha mwisho cha hiari katika riwaya. Anamkata kamba, anapigwa vishale vya dawa ya usingizi vya walinzi, anaanguka, na Lecter anamnyanyua na kutoka naye katikati ya nguruwe. Akizinduka yuko kwenye nyumba ya kukodi, na kwa siku nyingi anatiwa dawa na kuzungumzishwa mbele ya mwanga mmoja hadi akili yake inalegea. Lecter amefukua hata mifupa ya baba yake akamletea. Unapofika usiku wa karamu, Krendler amefungwa kwenye kiti, fuvu limefunguliwa, anaropoka matusi huku ubongo wake ukikaangwa kwa siagi pale pale mezani, na Starling, aliyevalishwa gauni zuri, anakula na kufanya mzaha wa kuomba aongezewe. Msichana wa korido ya Baltimore angesema nini? Hatujui, kwa sababu hayupo mezani. Aliyeko pale ni mwili wake na dawa za daktari.

Wapo wasomaji wazuri wanaoutetea mwisho huu, na hoja yao kubwa si ya kupuuzwa. Lecter alitaka kumtumia Starling kama nafasi ya kumrudisha dada yake Mischa, aliyeliwa na watoro wa jeshi kule Lithuania vitani. Alitaka amfute Starling, Mischa akae mahali pake. Starling, hata akiwa katika hali ile, anamzidi ujanja: anamuuliza kwa nini asimpe Mischa nafasi ndani yake yeye mwenyewe, kisha anamgeukia kama mwanamke anayeamua. Kwa hiyo, wanasema, yeye ndiye aliyeshinda, ndiye aliyemfuga mnyama. Na Stephen King, bingwa wa riwaya za kutisha, hakuudhika hata kidogo. Aliposifu kitabu hiki kwenye The New York Times alikiweka sambamba na The Exorcist kwa kutisha. Lakini mwandishi Mwingereza Martin Amis alikichana vipande. Kwa hiyo ugomvi wako na rafiki yako ulishapigwa zamani na wakubwa.

Nakubali kwamba wazo lile lipo. Ninachobisha ni kwamba limeandikwa. Tazama sura ya mwisho inavyofanywa. Miaka mitatu imerukwa. Tuko Buenos Aires, jumba la opera la Teatro Colón, na anayewaona Lecter na Starling ni Barney, yule mhudumu wa zamani wa hospitali ya Baltimore, aliyekuja mjini na mwanamke wake kutembea. Anawaona, anaingiwa na hofu, anaondoka mjini. Kisha msimulizi anatunong'oneza kwa sentensi chache kwamba zile dawa za siku za mwanzo hazina nafasi tena katika maisha yao kwa muda mrefu, wala yale mazungumzo mbele ya mwanga mmoja. Basi. Eti yuko huru, tuamini.

Kitabu kizima cha The Silence of the Lambs tuliishi ndani ya kichwa cha Starling, tukajua hata aibu ya viatu vyake. Lilipofika jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, mlango umefungwa na tunachungulia kwa macho ya Barney kutoka viti vya mbali. Siku ya kwanza asiyomezeshwa kitu, akaamka na akili zake na akaamua kubaki: siku hiyo ndiyo riwaya, na Harris hakuiandika. Angeiandika, huenda ningetetemeka na kukubali. Mwanamke anayekaa na shetani akiwa na akili timamu anatisha kuliko nguruwe wote wa Verger.

Umeuliza kwa nini afanye vile. Harris si mtu wa kujieleza; aliyekuwa mwandishi wa habari kule Waco, Texas, na baadaye shirika la habari la Associated Press, alikaa miongo mingi bila kuwapa waandishi wenzake mahojiano, hadi 2019. Lakini mwaka 2000 aliandika dibaji fupi ya toleo jipya la Red Dragon, na humo anasema aliogopa kukiandika Hannibal, alimwogopea Starling, na mwishowe akawaachia wahusika wake wawili waamue mambo kulingana na maumbile yao. Ni maneno ya kiungwana, na waandishi wengi huyapenda. Ila mmoja wa hao wawili alikuwa na sindano na mwenzake alikuwa na usingizi. Kilichoamua ni maumbile ya Lecter tu.

Ukiniuliza mimi, chanzo ni kwamba mfululizo huu haukupangwa kuwa mfululizo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960, anaingia na kiko chake, anafumbua fumbo, anatoka, na kisa kinachofuata hakidai kujua kilichopita. Willy Gamba wa Elvis Musiba vivyo hivyo: adui anakuja na kitabu chake na anazikwa nacho. Huwezi kuudhiwa na mwisho wa mfululizo usio na mwisho. Kwa Harris mambo yamepinduka. Steringi wa kitabu cha kwanza ni Graham, wa pili ni Starling, na anayewaunganisha ni adui. Mfululizo uliobebwa na adui una tatizo la kuzaliwa nalo, kwa sababu adui akifa umekwisha na akishinda umeharibika. Ongeza miaka kumi na moja ya watu kumsubiri, ongeza sura ya Hopkins iliyokwisha kumfanya Lecter kipenzi cha dunia, ongeza na mtayarishaji Dino De Laurentiis aliyekuwa tayari kulipa karibu dola milioni 10 kwa haki za filamu. Kumfanya Lecter awe pembeni tena kungehitaji moyo mgumu sana.

Na waliokuwa karibu na Starling walilihisi hilo mapema. Jonathan Demme aliyeongoza filamu ya 1991 alikataa kuongoza hii, na Jodie Foster hakuigiza tena. Ridley Scott akaichukua na Julianne Moore akaingia kwenye viatu vya Clarice mwaka 2001. Waandishi wa filamu wakaubadili mwisho: Starling anabaki askari, anajifunga pingu mkono mmoja na Lecter, na Lecter anaukata mkono wake mwenyewe badala ya kuukata wa Starling. Watu wengi huniambia ule ni bora. Umempa Starling pingu, hilo nashukuru, lakini umemfanya Lecter mchumba anayejitoa mhanga kwa ajili ya mapenzi, na huo ni uongo mkubwa kuliko karamu. Yule wa Memphis angekata mkono wa yeyote aliye karibu, isipokuwa wake.

Kuhusu kitabu cha nne, kiache. Hannibal Rising kilitoka 2006, na filamu yake, Harris akiwa ndiye mwandishi wa mswada wake, ilifuata mapema 2007; si bahati kwamba vilikaribiana hivyo. De Laurentiis alieleza hadharani kwamba alimwambia Harris hadithi ya utoto wa Lecter itatengenezwa, kwa mkono wake au kwa mkono wa mtu mwingine, na Harris akaona ni afadhali aiandike mwenyewe. Inasomeka hivyo hivyo. Mtoto Hannibal, Lithuania 1944, wasaliti waliofanya kazi na Wajerumani wanamla Mischa; kisha Ufaransa kwa mjomba na mke wa mjomba, Lady Murasaki; kisha kisasi kimoja baada ya kingine mpaka orodha iishe. Kurasa za shule ya udaktari Paris zina uhai kidogo, zilizobaki ni za kutimiza ahadi.

Sababu ninayokukataza hasa ni hii. Katika ile korido ya Baltimore, Starling anapojaribu kutafuta kilichomfanya Lecter awe alivyo, Lecter anamkatalia kabisa: hakuna kilichompata, yeye ndiye aliyetokea, na hawezi kupunguzwa akawa jumla ya mambo aliyofanyiwa. Hiyo ndiyo kauli inayomfanya atishe. Kitabu cha nne ni kurasa mia tatu za kuikanusha, na ukishazisoma utairudia korido ile ukimwonea huruma.

Kama hamu ya Harris haijakwisha, tafuta riwaya yake ya kwanza, Black Sunday, ya 1975. Ni ya rubani aliyeharibiwa na kifungo cha Vietnam, anayeshirikiana na kundi la magaidi kupanga kuulipua uwanja wenye watu elfu themanini siku ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Lecter hayumo. Mwovu wake ana historia ndefu ya mateso na bado humwonei huruma hata ukurasa mmoja unapofika wakati wa kuchagua upande. Na kile Hannibal usikigawe. Kata sehemu ya pili peke yake, ya Florence, uisome kama kitabu kidogo kinachojitegemea, ukiishia pale Pazzi anapoanguka kutoka dirishani.